Niliachishwa uhandisi nikiwa na miaka 45, nikaendesha basi la shule Minnesota, nikaliingiza mtaroni na mwanangu akiwa ndani

Wakuu, nawasalimu mlioko nyumbani na mlioko kwenye baridi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, nalala. Lakini juzi nimepita kwenye uzi wa jamaa aliyeachishwa kazi akiwa na arobaini na kitu, anasema haoni tena sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Nikasema hapana, leo na mimi nijitoe ufahamu niseme yangu.

Kisa ni cha kweli na kilinipata mimi mwenyewe, miaka ya tisini. Mke wangu naye ni member humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitasahihishwa kabla hamjafika katikati.

Twende.

Nilifika Minnesota miaka ya themanini kusoma uhandisi. Nikamaliza, nikapata kazi kwenye kampuni moja iliyokuwa inatengeneza kompyuta kubwa. Vijana, kompyuta za wakati ule hazikuwa hizi mnazozikalia mfukoni. Moja ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, na ilitoa joto kama tanuri la mikate.

Kazi yangu ilikuwa kubuni mitambo ya kuzipoza.

Naomba mlitafakari hilo kidogo. Mtu katoka joto la Same, analipwa mshahara mzuri apoze vitu Minnesota. Mahali ambapo Januari pua inaganda kabla hujafika kwenye gari. Mtu mwenye akili angefungua dirisha tu, kazi imekwisha.

Lakini mimi nilijiona mtu mzito. Nilikuwa na business card, na nilimpa kila mtu, hata fundi aliyekuja kuzibua sinki. Nilinunua nyumba Lakeville, kusini mwa mji, wakati ule mashamba ya mahindi ndiyo yanaanza kugeuzwa mitaa. Watanzania wenzangu wengi walikuwa bado Minneapolis na Saint Paul, kwa hiyo wakija kwangu nilikuwa nawatembeza nyuma ya nyumba kama vile mimi ndiye niliyeotesha zile nyasi.

Basi, kompyuta zikaanza kuwa ndogo.

Na zikiwa ndogo, hazihitaji tena kupozwa na mtu kutoka Same.

Waliniita kwenye chumba kidogo. Kulikuwa na bosi wangu, mama mmoja wa idara ya wafanyakazi, na boksi la tishu mezani. Nikaelewa kabla hawajafungua mdomo. Yule mama akanisogezea tishu, nikazikataa kwa heshima, mwanaume mzima. Nilipofika kwenye gari nilijuta, maana nilizihitaji, nikaishia kutumia kile kitambaa cha kufutia kioo. Nikaingia nyumbani na uso una grisi.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa nesi. Akaniangalia, akazima jiko, akasema, "Pole, Baba Neema. Kaa kwanza." Hakuuliza kitu. Alishajua, maana magazeti yalikuwa yanaandika kila siku habari za kampuni zile.

Nikasema haina shida, mimi ni mhandisi, kazi nitapata ndani ya mwezi.

Wakuu, usione watu wanakusifia CV ukadhani wanaitaka. Nilikwenda interview kadhaa. Moja nilihojiwa na kijana ambaye chunusi zilikuwa bado hazijamuacha. Akaniuliza, "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Mimi akili yangu ikakimbilia hesabu, nikamjibu, "Nitakuwa na miaka hamsini." Akaandika kitu. Sikuitwa tena.

Nyumbani nikaanza kuwa kero. Mwanaume asiye na kazi anatafuta cha kusimamia. Siku moja nikapanga upya kabati zote za jikoni kwa mfumo wa kihandisi, vitu vizito chini, vyepesi juu, vinavyotumika sana karibu na jiko. Mama Neema akarudi kutoka zamu, akatafuta chumvi mpaka mboga ikaungua.

Akaniambia taratibu, "Mume wangu, nakupenda. Lakini kabati zangu ziache. Katafute kitu kingine cha kupoza."

Sasa tulikuwa tunasali na mama mmoja Mkenya, tukimwita Mama Kevin. Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Jumapili moja akanikuta nimejitenga kwenye maegesho ya kanisa, najifanya nakagua tairi.

"Baba Neema, ati umekaa tu kwa nyumba ukingoja nini?"

"Naendelea kutuma maombi, Mama Kevin."

"Si u-drive basi ya shule? Wanatafuta watu vibaya sana, na wanaku-train bure."

"Mimi ni mhandisi, mama."

Akacheka. "Sawa, engineer. Na mimi kwetu nilikuwa headmistress. Hapa nabadilisha wazee nepi, na Jumapili bado naketi mbele."

Kweli alikuwa anakaa mbele, na kofia. Nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani. Nilipofika nikakumbuka kwamba bima ya afya ya familia nzima ilikuwa imebaki mabegani mwa mke wangu, na mke wangu alikuwa anaongeza zamu mpaka anasinzia ameshika kijiko. Hasira ikaisha. Jumatatu nikaenda.

Nilikwenda nimevaa tai.

Mwalimu wetu aliitwa Darlene. Mama wa Kizungu mkubwa, sauti ya kiranja, anatafuna bazoka toka asubuhi. Akaiangalia tai yangu, akaniangalia mimi, akasema, "Karibu, Professor." Jina likaganda. Mpaka naondoka pale hakuna dereva aliyejua jina langu halisi.

Basi la shule ni refu, na kinachokuaibisha ni mkia wake. Ukikata kona mbele, nyuma inakwenda upande wake kama haihusiki na wewe. Siku ya kwanza barabarani nikakata kona safi kabisa, najisifu moyoni, nikasikia kaa! Nilikuwa nimeangusha sanduku la posta la watu. Darlene akasema, "Hongera, Professor, umepokea barua zao."

Alitufundisha mambo mengi, lakini kuhusu theluji alikuwa anarudia matatu mpaka unaota. Ukikwama, watoto hawashuki. Hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji, la sivyo moshi utarudi ndani uwaue. Na piga redio ya basi hapo hapo kuita ofisi, usisubiri.

Nilifaulu, nikapewa basi. Lakini watu wakinipigia simu kuniuliza, "Siku hizi uko wapi, mkuu?" nilijibu, "Niko kwenye sekta ya usafirishaji." Jamaa mmoja akadhani nimenunua malori. Akaniomba nimfikirie mdogo wake.

Sasa kuna binti yangu, Neema. Alikuwa na miaka kumi na tatu, umri ambao baba ni aibu hata akiwa rais. Mpanga safari wetu, mama mmoja anaitwa Carol aliyekuwa anakaa ofisini kwenye redio, akaona anitendee wema. Akanipa njia inayopita nyumbani kwangu, ili niwe karibu na mwanangu.

Neema akalia. Halafu akaja na sharti, kwa Kiingereza kama kawaida yao. Tunawasemesha Kiswahili, wanaelewa kila kitu, wanajibu Kiingereza.

"Dad, please. Just act like you don't know me."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi nasimamisha basi mbele ya nyumba niliyoinunua mwenyewe, namfungulia mlango mtoto niliyemzaa mwenyewe, namwambia "Good morning." Ananijibu "Good morning, sir." Anapita mpaka kiti cha nyuma kabisa. Kwenye kioo naona kofia yake tu.

Mama Neema alikuwa anachungulia dirishani, anacheka peke yake.

Ikafika siku yenyewe. Ilikuwa majira ya baridi yanaanza. Asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe tu, haina shari. Mchana upepo ukaamka, theluji ikaanza kushuka kwa ubavu, na shule ikaamua kuwarudisha watoto mapema. Tukaitwa wote.

Nilianza vizuri. Nikashusha watoto wa mitaa ya karibu bila tatizo. Wakabaki wa mwisho wa njia, wale wanaokaa kule mashambani, na Neema nyuma yao, maana siku za kurudi kwetu ndiko kulikuwa kituo cha mwisho. Barabara yenyewe ilipita katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hakuna mti, hakuna ukuta. Upepo ulikuwa unaichota theluji ya shamba zima na kuimwaga barabarani.

Ambaye hajawahi kuiona hali ile nimweleze hivi: ni kama umefunikwa shuka jeupe usoni halafu unaambiwa endesha.

Nilikuwa nakwenda polepole kabisa. Ghafla nikahisi mkia, ule ule mkia, unaondoka. Basi likageuka kidogo, likateleza kwa upole, likainama upande wa kulia, likatulia mtaroni. Hata halikupiga kelele. Utadhani ng'ombe kaamua kulala.

Nikageuka. "Everybody okay?" Wote wazima. Mtoto mmoja mdogo wa darasa la kwanza, Katie, akaanza kulia.

Wakuu, hapo Darlene alishanifundisha nini cha kufanya. Watoto wasishuke, sawa. Bomba la moshi, sawa. Redio...

Redio ile ilikuwa ya wote. Ukibonyeza kitufe ukasema neno, madereva wote wa yadi ya mabasi wanakusikia, na Carol, na fundi gereji. Mimi lafudhi yangu tayari ilikuwa inafanya niombwe kurudia kila sentensi. Nikajiona natangaza, "Hapa Professor, nimeliingiza basi mtaroni," halafu narudia mara ya pili kwa wasioelewa.

Nikasema moyoni, hili ni tatizo la kihandisi. Nitalitatua.

Nikaweka gia ya nyuma. Tairi zikazunguka, basi likazama kidogo. Nikaweka ya mbele. Likazama tena. Nikajaribu kulibembeleza, nyuma mbele, nyuma mbele, mpaka lile basi ambalo lilikuwa limeinama kistaarabu sasa likawa limeegemea ubavu kama mzee mwenye kiharusi.

Nikachukua koleo, nikashuka. Na hapa niwaambie kitu kingine cha kijinga. Mguuni nilikuwa na viatu vya ngozi vya ofisini. Darlene alishaniambia ninunue buti, lakini mimi buti niliona ni kukubali kwamba kazi hii ni ya kudumu. Kwa hiyo nilikuwa naendesha basi la shule nimevaa viatu vya mkutano wa bodi.

Theluji ikaingia kwenye viatu, ikaingia kwenye soksi. Nikasafisha bomba la moshi, hilo nilifanya, namshukuru Mungu. Halafu nikaanza kuchimba tairi. Kila nikichota koleo moja, upepo unarudisha mawili. Nilichimba mpaka vidole vya miguu vikaacha kuuma, na mtu yeyote wa huku atakwambia vikiacha kuuma ndipo uanze kuogopa.

Nikatazama mbele. Nilijua kuna nyumba ya mkulima mahali fulani upande ule. Nikawaza, nitembee mpaka pale, nilete trekta, nirudi shujaa, na hakuna mtu atakayejua. Nilishapiga hatua kadhaa, wakuu. Nawaambia ukweli, nilishaliacha basi mgongoni.

Nikasikia dirisha linafunguliwa.

"Dad! Dad, where are you going?"

Alikuwa Neema, kapaza sauti mbele ya basi zima. Nikageuka kumjibu, na basi silioni. Nilikuwa nimeliacha hapo hapo tu, lakini lilikuwa limeshamezwa na weupe. Nilirudi kwa kufuata sauti yake.

Nikapanda ndani. Alikuwa amekuja mbele, amesimama karibu na kiti changu, ananiangalia viatu.

"Why didn't you call Carol?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo wengine wasielewe. "Nitaonekanaje, mwanangu?"

Akaangalia nje, vioo vyote vyeupe kama karatasi. Halafu akaniangalia mimi.

"Dad," akasema, "nobody can see anything."

Sijui kama alikusudia kuchekesha. Alikuwa anatetemeka. Lakini neno lile lilinipiga mahali. Nina shahada mbili, nimekwama katikati ya shamba na watoto wa watu, vidole vinaganda, na ninachowaza ni nitaonekanaje.

Nikakaa. Nikabonyeza kitufe.

"Carol, hapa ni Professor. Nimetoka barabarani, niko mtaroni, siwezi kutoka. Watoto wote wazima. Nahitaji msaada."

Carol akajibu, "Rudia, Professor."

Nilijua tu! Nikarudia, polepole, neno kwa neno, nikataja na barabara.

Kisha ikaja sauti nyingine, ya mzee mmoja anaitwa Gus, aliyekuwa ameendesha mabasi tangu nguo zangu za shule zikiwa kaptula. Akakohoa. "Carol... kwa kuwa hakuna anayecheka. Na mimi nimo mtaroni. Karibu na ghala la mahindi."

Carol akashtuka. "Gus? Tangu saa ngapi?"

Gus akakohoa tena. Akaingia mama mwingine, sauti nyembamba, naye amekwama kwenye kilima, ana watoto wachache. Nikaanza kuchekea puani.

Halafu redio ikatoa mkwaruzo, kama mtu amebonyeza kitufe na hajui aseme nini.

"Carol. Darlene hapa."

"Usiniambie."

"Nyuma ya kanisa la matofali. Mtaroni. Muda mrefu kidogo."

Wakuu, nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, nimeshika usukani, miguu imeloa. Redio nzima ilikuwa kicheko, Gus anakohoa, Darlene anatukana kwa adabu. Watoto wakaanza kucheka bila kujua wanachochekea. Hata Katie.

Aliyekuwa hacheki ni Carol. Alitufokea kama watoto wa chekechea. Akasema gari la kusukuma theluji lilikuwa upande wetu, limeshageuka kwenda mji mwingine kwa sababu hakuna aliyesema ana shida. Kila mmoja amekaa kimya kwenye mtaro wake akidhani ni mjinga peke yake. "Sasa mtasubiri," akasema. "Na kila baada ya muda mfupi nataka kusikia sauti ya kila mtu. Kila mtu!"

Tukasubiri. Nilikuwa natoka kusafisha bomba la moshi, narudi, naripoti. Neema akanipa skafu yake nizungushie miguu. Nilikuwa naripoti kwa Carol nimevaa skafu ya pinki mguuni.

Katie akabanwa na haja ndogo. Nyuma kulikuwa na ndoo ya mchanga wa kumwaga chini ya tairi. Nikamwaga mchanga nje, Neema akachukua makoti mawili akatengeneza pazia, akasimamia shughuli yote kwa sauti ya Mama Neema kabisa, utadhani ni yeye yuko wodini. Nilikuwa simjui huyu mtoto. Nilikuwa namjua yule wa "Good morning, sir."

Mvulana mmoja akaniuliza kabla ya kuendesha basi nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa mhandisi wa kupoza.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ni wewe umeleta hii baridi?"

Basi zima likaangua kicheko. Nikasema ndiyo, ni mimi, nilisahau kuzima.

Gari la theluji lilifika jua likielekea kuzama, nyuma yake mkulima na trekta lake. Wakatufunga mnyororo, wakatuvuta. Dereva wa gari lile hakunicheka wala hakunisifu. Alisema tu, "Unayefuata yuko wapi?"

Tukawarudisha watoto mmoja mmoja, gari la theluji likituongoza. Mama yake Katie alikuja mbio mpaka mlangoni, akanikumbatia na skafu yangu ya pinki. Nilipofika mbele ya nyumba yangu nikafungua mlango, Mama Neema amesimama barazani kajifunga blanketi. Neema hakushuka.

"Shuka, mama anakungoja."

Akajibu kwa Kiswahili. Kibovu, lakini Kiswahili. "Mimi nitaenda na wewe kurudisha basi."

Akapaza sauti kumwambia mama yake tuko wazima, akakaa kiti cha mbele kabisa.

Yadi tulimkuta Darlene anakunywa kahawa, nywele zimelowa. Nikamuuliza, mwalimu, si wewe ndiye uliyetuambia tupige redio hapo hapo?

"Nimefundisha watu wote waliomo humu, Professor," akasema. "Nikafikiri nikitangaza, nani atanisikiliza tena?" Akatafuna bazoka yake. "Mjinga mzee mimi."

"Na mimi nilitaka kutembea shambani," nikamwambia.

Aliacha kutafuna. Akanishika bega, akanitikisa kidogo. Kesho yake nikanunua buti.

Sasa kumbe hilo halikuwa mwisho.

Muda mfupi baadaye Watanzania tukawa na sherehe yetu ya Uhuru, kwenye ukumbi wa kanisa Saint Paul. Pilau, muziki, watoto wanakimbizana. Kama ada, kabla ya chakula kila mtu anasimama anajitambulisha: jina, umetoka wapi nyumbani, unafanya nini huku. Ile sehemu ndiyo kila mtu alikuwa anaipigia suti pasi. Huyu chuo kikuu, huyu benki, huyu hospitali, huyu consultant.

Ikafika zamu yangu. Neno "usafirishaji" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mama Neema alikuwa ameangalia sahani yake. Neema alikuwa ananiangalia mimi.

Nikasema, "Naitwa Elisante, natoka Same. Nilikuwa mhandisi, kampuni ikatuachisha. Sasa naendesha basi la shule Lakeville. Wiki chache zilizopita nililiingiza mtaroni."

Nikasikia hata mwiko jikoni. MC alikuwa mtu wa maneno mengi, siku hiyo akasema tu, "Ahsante sana, mkuu," akapitisha kipaza sauti.

Nikakaa. Mama Neema akanishika mkono chini ya meza, akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Nikasema basi, nimeshajimaliza. Nikala pilau yangu.

Wakati wa kuondoka nikaenda kwenye kile chumba cha makoti. Nikasikia mtu anaingia nyuma yangu, anafunga mlango. Alikuwa Dokta Shabani. Huyu alikuwa amenizidi umri kidogo, PhD ya uchumi, mtu wa Tanga, mpole, suti ya vipande vitatu. Ndiye aliyekuwa amesema ni consultant.

Akajifanya anatafuta koti lake. Koti alikuwa ameshalivaa.

"Bwana Elisante."

"Naam, Dokta."

"Hilo basi." Akafunga kifungo, akakifungua. "Wanaajiri bado?"

Huyu ni mtu ambaye nilikuwa namwogopa hata kumsalimia kwa Kiingereza.

"Wanatafuta watu sana," nikasema. "Na wanafundisha bure."

"Mke wangu anajua," akasema. "Watoto hawajui. Ni mwaka sasa natoka asubuhi na briefcase, nakwenda kukaa maktaba." Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua gunia. "Nimesoma vitabu vingi mno, bwana."

Tukacheka wote mle ndani, makoti yanatuangukia. Kabla ya kutoka nikamwambia jambo moja tu la kitaalamu: "Dokta, usivae tai."

Alikuja. Darlene alimpokea, akamwita Senator. Akawa dereva bora kuliko mimi, sanduku la posta hakugusa hata moja. Na hakuwa wa mwisho. Kabla msimu ule haujaisha watu wengine wawili kutoka ukumbi ule walinipigia simu, kila mmoja akianza na, "Mkuu, naulizia kwa niaba ya rafiki yangu."

Mimi niliendesha lile basi miaka kadhaa. Baadaye nikapata kazi ya kutunza mitambo ya kupasha joto kwenye majengo ya shule, na huko ndiko nilikostaafia. Sikurudi kwenye business card. Dokta aliendelea na basi mpaka magoti yalipokataa, na aliendelea kwa hiari yake, maana chuo kimoja kilikuja kumwita akawajibu ana watoto wanamsubiri kituoni.

Nilichojifunza, wakuu, si kitu kikubwa.

Nilikuwa nadhani mtu akifika umri ule anakuwa amemaliza kujifunza, kilichobaki ni kuheshimiwa. Kumbe ndiyo kwanza naanza, tena nyuma ya watoto. Kuanguka kwenyewe hakukuwa kubaya kama nilivyofikiri. Kilichotaka kuniua ni kujikaza nisionekane nimeanguka. Nilikuwa tayari kupotelea shambani kuliko kusema sentensi moja kwenye redio.

Na wale niliokuwa nawaogopa kunicheka, nusu yao walikuwa na shida zao wamezifungia kifungo cha koti.

Wewe jamaa uliyeandika uzi ule, sina cha kukufundisha. Vaa viatu tu, hata kama hujui unakwenda wapi. Halafu mwambie mtu mmoja ukweli, leo. Ukikosa wa kumwambia, tuko humu.

Na wengine mliopitia umri huu mkapigwa chini, mliinukaje? Nani alikuwa wa kwanza kumwambia? Tupeni na sisi tujifunze.

Vijana wa miaka ishirini mnaocheka huko nyuma, nawaona. Chekeni vizuri kabisa. Arobaini na tano ipo, inawasubiri, na haina haraka.

Uwanja ni wenu.